Namna ya Kuandaa Ombi la Haki za Kikatiba katika Mahakama Kuu ya Kenya

Mtu akidhulumiwa na askari, na ofisi ya serikali au hata na sheria yenyewe, majirani humwambia aende mahakamani kwa kuwa Katiba iko. Katiba iko kweli, na Sura ya Nne yake imetaja haki za mtu mmoja mmoja kwa marefu kuliko katiba nyingi za dunia. Lakini kati ya dhuluma na hukumu kuna karatasi iitwayo ombi, na jaji huisoma karatasi hiyo kabla hajakuona wala kukusikia. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuiandaa, na jinsi majaji wa Kenya walivyozoea kuipima tangu Katiba ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Hauchukui nafasi ya wakili. Unakusaidia kumfikia wakili ukiwa na kitu mkononi, au kujisimamia pale ambapo wakili hapatikani.

Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Tuseme muuza mitumba wa soko la Kongowea, Mombasa, amekamatwa Ijumaa saa kumi jioni baada ya kuandika kwenye Facebook maneno makali juu ya ofisa mmoja wa kaunti. Simu yake inachukuliwa. Anakaa mahabusu hadi Jumatano saa sita mchana, kisha anaachiliwa bila kufikishwa mahakamani na bila kushtakiwa, na simu inabaki kituoni.

Hatua ya kwanza: andika yaliyotukia kabla ya kufungua Katiba

Kaa chini siku hiyo hiyo ya kuachiliwa, au siku inayofuata, uandike kila kitu kwa mpangilio wa saa: ulikamatiwa wapi, na askari wangapi, wakiwa na sare au bila sare, waliokuwapo ni nani, uliambiwa nini na kwa lugha gani. Andika namba ya OB, yaani namba ya tukio katika kitabu cha kituo. Ukiwa hukupewa, rudi ukaiombe ukiwa na mtu wa kukushuhudia. Ukiwa uliumizwa, nenda hospitali mara moja na uhifadhi karatasi za matibabu pamoja na fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Piga picha ya kibanda kilichovunjwa, tunza risiti ya simu, na umwombe jirani aliyeshuhudia akupe namba yake kabla hajahamia kwingine.

Kazi hii inachosha, na wengi huiruka wakaenda moja kwa moja kwenye vifungu. Ni kosa, kwa sababu kesi nyingi za aina hii husikilizwa kwa hati za kiapo, yaani maelezo yaliyoandikwa na kuapiwa, na kwa hoja za maandishi, bila mashahidi kusimama kizimbani. Lisiloandikwa katika kiapo na likaambatishiwa ushahidi, jaji halioni.

Hatua ya pili: tafuta kifungu kilichovunjwa, na ukisome hadi mwisho

Haki za mtu aliyekamatwa zimo katika Kifungu cha 49. Anapaswa kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Anayo haki ya kunyamaza. Anayo haki ya kuwasiliana na wakili. Na anapaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Wengi huishia hapo. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba, iwapo saa 24 zitakwisha nje ya muda wa kazi wa mahakama au katika siku isiyo ya mahakama, mtu huyo afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Tazama tofauti inayoletwa na sentensi hiyo moja. Muuza mitumba wetu alikamatwa Ijumaa saa kumi jioni, kwa hiyo saa 24 zilikwisha Jumamosi saa kumi jioni, na polisi walikuwa na hadi Jumatatu jioni. Akiandika kwamba haki yake ilivunjwa tangu Jumamosi, wakili wa serikali atasoma kifungu kwa sauti na ombi zima litaanza kuyumba. Akiandika kwamba Jumatatu ilipita, Jumanne ikapita, na Jumatano akaachiliwa bila kuonana na hakimu, hapo serikali ndiyo yenye deni la maelezo.

Fanya vivyo hivyo kwa kila haki. Simu iliyochukuliwa inagusa faragha katika Kifungu cha 31 na mali katika Kifungu cha 40. Maneno ya Facebook yanagusa uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33, ambacho chenyewe kimeacha nje propaganda za vita, uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Maandamano yamo katika Kifungu cha 37, mradi yawe ya amani na bila silaha. Chagua vichache unavyoweza kuvithibitisha. Nimesoma maombi ya kurasa 40 yaliyopanga vifungu kama shanga, na hakuna hata kimoja kilichounganishwa na jambo lililotendeka.

Hatua ya tatu: hakikisha umegonga mlango unaokuhusu

Mahakama Kuu ndiyo yenye mamlaka ya haki za kikatiba kwa mujibu wa Vifungu vya 23 na 165. Hata hivyo, mgogoro ambao kiini chake ni kazi unapelekwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na ule wa ardhi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hata kama haki ya kikatiba imeguswa ndani yake. Pia, pale sheria inapokuwa imeweka njia mahususi ya kulalamika, majaji hutaka ifuatwe kwanza. Msimamo huo ulitolewa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1992 na bado unatajwa karibu kila wiki. Ukiwa na sababu ya kutoifuata njia hiyo, kwa mfano kwamba chombo husika hakiwezi kutoa nafuu unayoihitaji, iandike waziwazi ndani ya ombi. Deni la kawaida au mkataba uliovunjwa haugeuki kuwa suala la Katiba kwa kuvikwa joho la Kifungu cha 28 juu ya utu.

Kuhusu nani anaweza kushtaki, Kifungu cha 22 ni kipana. Unaweza kushtaki kwa ajili yako mwenyewe, kwa ajili ya asiyeweza kujisimamia, kwa niaba ya kundi, kwa jina la chama kinachowatetea wanachama wake, au kwa maslahi ya umma. Wenzetu wa Tanzania hawana upana huo tena: sheria yao ya mwaka 1994 ya kusimamia kesi za haki za msingi ilirekebishwa mwaka 2020, na sasa mlalamishi anatakiwa aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika.

Juu ya muda, hakuna kikomo cha miaka kilichowekwa kwa maombi ya aina hii, ila kuchelewa bila maelezo humuudhi jaji. Akina mama waliofukuzwa kwa nguvu katika Freedom Corner, Nairobi, mwaka 1992, walipokuwa wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, walipata ushindi katika Mahakama ya Juu mwaka 2023. Usiitegemee subira ya namna hiyo. Mashahidi wako watahama na karatasi za kituo zitapotea.

Hatua ya nne: andika hoja ya serikali kabla serikali haijaiandika

Hii ndiyo hatua ninayoiona nzito kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha jinsi mahakama inavyofikiri. Haki karibu zote zinaweza kuwekewa mipaka. Zisizowekewa mpaka wowote zimetajwa katika Kifungu cha 25 nazo ni nne tu: kutoteswa wala kutendewa ukatili au unyama, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na amri ya kumleta aliyeshikiliwa mbele ya mahakama. Zilizobaki zinapita katika mizani ya Kifungu cha 24.

Mizani hiyo huanza na swali la kwanza: je, mpaka uliowekwa umo katika sheria, au ni amri ya mdomo ya ofisa? Kama haumo katika sheria, serikali imeshindwa hapo hapo. Kama umo, jaji huuliza iwapo mpaka huo ni wa kiasi na unaweza kutetewa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia, akitazama aina ya haki yenyewe, umuhimu wa lengo la mpaka, ukubwa wa mpaka, haki za watu wengine, na iwapo kulikuwa na njia nyingine ya kufikia lengo hilo bila kuibana haki kiasi hicho. Jambo ambalo mlalamishi asisahau ni kwamba Kifungu cha 24(3) kinauweka mzigo wa kuthibitisha juu ya yule anayeutetea mpaka. Wewe unaonyesha kwamba haki iliguswa. Wao ndio wanaoeleza kwa nini walikuwa na ruhusa ya kuigusa.

Tuchukue maneno ya Facebook. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichofanya kuwa jinai kutuma ujumbe wa kuudhi sana au wa uongo kwa nia ya kusumbua. Jaji Mumbi Ngugi aliona kwamba maneno ya kifungu hicho yalikuwa mapana mno na hayana mipaka, kiasi kwamba raia hawezi kujua mapema ni ujumbe gani utakaompeleka jela. Sheria ya jinai isiyoeleweka inamwachia askari uamuzi wa nini ni kosa. Mwaka uliofuata Jaji Mativo alibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu juu ya kukashifu, na hapo hoja ilikuwa nyingine: kulinda heshima ya mtu ni lengo halali, ila kesi ya madai ya fidia inatosha kulifikia, kwa hiyo kifungo kilikuwa adhabu inayopita kiasi. Soma hukumu hizo mbili pamoja. Ya kwanza inakufundisha kuuliza kama sheria inaeleweka. Ya pili inakufundisha kuuliza kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi. Muuza mitumba wetu anazihitaji zote mbili, kwa sababu hajui bado polisi watataja sheria ipi.

Mahakama pia hukata sheria vipande, ikaacha kinachofaa. Mwaka 2015 majaji watano waliondoa vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa mwishoni mwa 2014, vingine vikabaki. Katika kesi ya Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa namba moja, tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu walikataa ukusanyaji wa vinasaba (DNA) na wa mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya GPS, lakini hawakuuzuia mfumo mzima. Waliuruhusu kwa sharti kwamba kwanza uwekewe kanuni za kutosha. Kwa hiyo usiombe sheria nzima ifutwe iwapo kinachokuumiza ni sentensi moja. Ombi la namna hiyo humlazimisha jaji kuchagua kati ya kukupa kikubwa kuliko unachostahili na kukunyima kabisa.

Zisome na kesi zilizoshindwa. Mwaka 2021 majaji watatu walikataa kuibatilisha sheria ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji, ingawa mlalamishi alidai kwamba mwanamke mtu mzima ana hiari ya mwili wake na utamaduni wake. Serikali ilileta ushahidi wa madhara, na majaji wakaona kwamba lengo na njia vinalingana. Katika kesi ya 2016 serikali haikuweza kuonyesha ulinganifu huo. Ushahidi ndio ulioleta tofauti, kuliko ufasaha wa mawakili.

Ikiwa kifungu cha Katiba kinaweza kusomeka kwa namna mbili, Kifungu cha 20(3) kinamwagiza jaji achague ile inayoipa haki nguvu zaidi, na Kifungu cha 259 kinamtaka aisome Katiba kwa kufuata makusudi na maadili yake, akizingatia kwamba sheria inasema daima, kwa maana kwamba maneno ya 2010 yanazungumza pia juu ya mambo yaliyozuka baadaye. Taja vifungu hivi kwa kifupi. Majaji wanavijua.

Hatua ya tano: andika ombi lenyewe

Kanuni zinazotumika ni za mwaka 2013, ambazo mawakili huziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu aliyezitoa, Willy Mutunga. Kanuni ya 10 inataka ombi lieleze jina na anwani ya mlalamishi, mambo yaliyotukia, kifungu cha Katiba kilichovunjwa, madhara yaliyopatikana au yanayohofiwa, kesi nyingine yoyote inayohusiana na jambo hilo, na nafuu inayoombwa. Ombi litiwe saini na mlalamishi au wakili wake, na liambatane na hati ya kiapo pamoja na vielelezo.

Kipimo cha uandishi ni cha zamani kuliko Katiba yenyewe. Katika kesi ya Anarita Karimi Njeru, mwaka 1979, mahakama ilisema kwamba anayedai haki yake imevunjwa aeleze kwa usahihi wa kutosha jambo analolalamikia, kifungu kilichovunjwa, na jinsi kilivyovunjwa. Mahakama ya Rufaa ililirudia hilo mwaka 2013 katika kesi ya Mumo Matemu, ikiongeza kwamba usahihi unaotakiwa ni wa kumwezesha mlalamikiwa kujibu na mahakama kuamua, wala hautafuti ukamilifu wa kila herufi.

Hivi ndivyo aya mbovu inavyokuwa: "Mlalamishi alinyanyaswa vibaya na polisi na haki zake zote za kikatiba zikakanyagwa." Jaji hawezi kuamua chochote juu ya sentensi hiyo. Aya nzuri husema hivi: "Siku ya Ijumaa, saa kumi jioni, mlalamishi alikamatwa mbele ya kibanda chake katika soko la Kongowea na askari wawili waliovaa sare, ambao hawakumweleza sababu. Aliingizwa mahabusu na tukio likaandikwa katika kitabu cha kituo kwa namba iliyoonyeshwa katika kielelezo cha 1. Mahakama ilikuwa wazi Jumatatu na Jumanne. Hakufikishwa mbele yake hadi alipoachiliwa Jumatano saa sita mchana bila shtaka, kinyume na Kifungu cha 49(1)(a) na (f)." Hakuna neno la hasira ndani yake, na hasira yote imo.

Asiyeweza kuandika hivyo hajafungiwa mlango. Kifungu cha 22(3) kinataka taratibu ziwe chache, kinaruhusu kesi ianze kwa maandishi yasiyo rasmi pale inapobidi, na kinakataza ada ya kufungua kesi. Kanuni za 2013 zinakubali barua, hata ombi la mdomo, ambalo mahakama yenyewe italiweka katika maandishi. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7, ingawa Kiingereza ndicho kinachotawala katika Mahakama Kuu. Ni aibu ambayo sheria zetu hazijaiondoa, na ukiandika kwa Kiswahili jiandae kwa suala la tafsiri.

Hatua ya sita: omba nafuu inayoweza kutekelezwa

Kifungu cha 23 kinataja tamko la haki, zuio, amri ya kuhifadhi hali ilivyo, tamko la kubatilisha sheria, fidia, na amri ya mapitio ya kimahakama. Muuza mitumba ataomba tamko kwamba alishikiliwa kinyume cha Katiba, amri ya kurudishiwa simu, na fidia. Fidia iombe kwa kuonyesha siku ulizopoteza na jinsi ulivyotendewa, kwa kuwa hakuna bei iliyopangwa na kila jaji hutazama kesi zilizotangulia. Kwa madhara yanayowagusa wengi, Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2021, katika kesi ya Mitu-Bell iliyotokana na ubomoaji wa makazi karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kwamba jaji anaweza kutoa amri zinazoendelea kusimamiwa na mahakama baada ya hukumu.

Iwapo madhara yataendelea wakati kesi inasubiri, ambatisha ombi la dharura la amri ya kuhifadhi hali. Utatakiwa kuonyesha kwamba kesi yako ina msingi, kwamba utapata hasara amri isipotolewa, na kwamba maslahi ya umma hayaizuii.

Hatua ya saba: sajili, wafikishie wahusika, ufuatilie

Usajili siku hizi hufanywa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Asiye na kompyuta aulize katika masjala. Walalamikiwa katika mfano wetu ni Inspekta Jenerali wa Polisi na Mwanasheria Mkuu. Hakikisha nakala zimefika, na uape hati inayothibitisha hivyo, kwa sababu kesi nyingi hupoteza miezi kwa jambo hili dogo. Mwanasheria Mkuu au chombo cha serikali hupewa siku 14 kujibu kwa hati ya kiapo, na mlalamikiwa mwingine siku 7. Jibu likija, lisome ukitafuta yaliyonyamaziwa: hati inayosema kwamba polisi walifuata sheria, bila kueleza Jumatatu na Jumanne zilikwendaje, imekubali nusu ya kesi yako.

Gharama ziko mikononi mwa jaji. Katika kesi za maslahi ya umma mara nyingi kila upande hubeba zake.

Hukumu ikitoka

Ukishindwa, taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14. Ukishinda fidia dhidi ya serikali, usitume dalali kukamata gari la polisi; Sheria ya Mashauri ya Serikali, kifungu cha 21, imeweka njia yake ya kudai malipo. Baada ya siku 21 omba cheti cha amri kutoka mahakamani, ukipeleke kwa Mwanasheria Mkuu pamoja na nakala ya hukumu, na utunze muhuri wa kupokelewa. Wasipolipa, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha ofisa mhasibu wa wizara, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha zake, alipe, ukimtaja kwa cheo chake. Na akiipuuza amri hiyo, yeye mwenyewe ndiye atakayeitwa kueleza kwa nini asifungwe kwa kudharau mahakama.